Kisanduku Cheusi

Kamera ikiwashwa mara ya kwanza haijui iko wapi.
Inaamini huu ni mwaka sabini, Januari mosi, usiku wa manane.
Jina lake admin, nywila yake admin,
kama mtu aitwaye Seif bin Seif.

Mimi niko juu ya ngazi, Tabata Kisiwani,
bisibisi mdomoni, jasho machoni,
na Bi Sikitu kashika ngazi kwa mkono mmoja,
mwingine una kikombe cha tangawizi.

Naandika: nane na dakika kumi.
"Nane? Na hata saa tatu haijafika?"
Mashine huanza kuhesabu kiza kikiwa kizito, Bi,
sisi tunangoja jua.
Kati yake na sisi kuna saa sita
na sijaona menyu ya kuzirekebisha.

Sasa anwani. Nampa namba isiyohamahama,
maana ruta hugawa namba kama mwenye nyumba wa Manzese:
leo chumba chako, kesho kina mwingine.
Sasa lango, najisemea.
"La mbele au la uani?"
La mtandao.
"Nalo lina kitasa?"
Lina nywila. Chagua neno ambalo hutalisahau.
Akapanda vidato viwili kuninong'oneza:
jina la mtu, na mwaka nyuma yake.
Sitalitaja hapa.

Picha nikaipunguza. Fremu kumi na mbili kwa sekunde,
si ishirini na tano, maana bando halina huruma.
Mtu akipita ataonekana anarukaruka, nikamwonya.
"Mwizi hana haja ya kupendeza."

Tatizo ni ukuta: mfupi, na lenzi ni pana.
Kwenye simu yangu uani kwa jirani kumejaa tele:
ndoo ya bluu, kanga mbili kambani,
bafu la mabati lisilo na paa,
na nyuma ya kanga, mlango wa kijani uliobanduka rangi.

Kuna kisanduku cheusi kwa ajili ya hayo.
Unakivuta kwa kidole, unafunika kisichokuhusu.
Nikafunika bafu. Nikaendelea kuvuta kuelekea mlangoni.

"Hapo acha."

Ngazi ikatikisika kidogo.

"Ni dada yangu. Tangu mirathi hatusemezani, mwaka wa tisa huu.
Mlango ule hufunguliwa saa kumi na mbili kasorobo.
Siku ukichelewa, nataka nijue."

Bi, mlango huo si wako.
"Najua si wangu. Ndiyo maana tuligombana."

Sikuwa na jibu. Kidole kilikuwa bado kwenye kioo,
kisanduku nusu mlango, nusu ukuta,
pale sauti ilipotoka upande wa pili:
"We fundi! Hilo jicho linafika kwangu?"

Mwanamke mfupi, miwani imefungwa uzi,
mkono kiunoni kama huu wa chini yangu ungekuwa haujashika ngazi.
Nikamtazama Bi Sikitu. Anaitazama tangawizi.

Linafika, nikasema. Bafuni hapana, nimepaziba.
Mlangoni linafika. Ukisema nifunike, nafunika sasa hivi.

Alisimama muda ambao ungejaza kadi ya kumbukumbu.
Ndani mtoto akamwita, na jina nikalitambua:
vidole vyangu vilikuwa vimetoka kuliandika.
Hakuitika.
Akaiendea kamba, akazisogeza kanga zote mbili
mpaka mwisho kabisa, penye msumari,
akaingia, akauacha mlango wazi.

Nikakirudisha kisanduku mpaka kwenye mabati.
Nikabonyeza hifadhi. Nikashuka.

Bi Sikitu ameishika simu karibu sana na uso,
tangawizi imepoa, nzi yuko ukingoni mwa kikombe.
"Fundi," akasema, hakuinua macho,
"zile fremu.
Rudisha ishirini na tano.
Bando nitanunua."